Uzee, shule na namba saba: nani kasema wazee wetu hawana kumbukumbu?

Wadau, leo siasa tuziache zipumzike. Tuanze na mchezo mdogo. Soma namba hizi kwa sauti, mara moja tu, bila kurudia: 4, 9, 2, 7, 1, 6, 3. Sasa angalia pembeni uzitaje kwa mpangilio ule ule.

Kama umeziweza zote, hongera, ila usijisifu sana. Kama una miaka ishirini na kitu kama mimi, na umekaa darasani zaidi ya miaka kumi na tano, ulitegemewa uziweze. Kama umekwama kwenye ya tano au ya sita, usikimbilie hospitali.

Mchezo huu una zaidi ya miaka 130. Wamepimwa nao wasichana wa shule London, watoto wa Paris na watoto wa vijijini Kenya. Na kwa muda mrefu majibu yake yamefupishwa hivi: mtoto ana nafasi ndogo kichwani, kijana ana kubwa, mzee inampungua. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nikae kwenye kompyuta usiku huu, kwa sababu inawaumiza watu ninaowafahamu.

Hebu niwapeleke kwanza Ikinga. Kwa wasiopajua, Ikinga ni kata ya Wilaya ya Ileje, kwenye milima ya Wandali, wilaya inayopakana na Malawi. Zamani tulikuwa Mkoa wa Mbeya. Tangu 2016 tuko Songwe. Ukitoka Tunduma unafika Mpemba, unashika njia ya Isongole na Itumba, halafu unaanza kupanda. Ni nchi ya kahawa, mahindi, maharage na baridi ya asubuhi.

Kule, kama ilivyo kila kijiji cha nchi hii, utakutana na jambo hili. Bibi anafika kwa wakala wa pesa za simu kuchukua hela aliyotumiwa na mwanawe. Anatakiwa namba ya siri. Anaisahau, au anaitaja kwa sauti mbele ya foleni nzima. Vijana wanacheka, mmoja anasema bibi kichwa kimeisha. Akienda ofisi nyingine anatakiwa namba ya NIDA, tarakimu 20. Hata mimi yangu siijui kwa kichwa. Tofauti ni kwamba mimi nikisahau naambiwa nina mambo mengi. Yeye akisahau anaambiwa amezeeka.

Lakini bibi huyo huyo muulize mpaka wa shamba la jirani ulipita wapi kabla ya ugomvi. Atakutajia mti, jiwe, na nani na nani walikuwepo siku mpaka unawekwa. Sasa huyu hana kumbukumbu? Au tunapima kitu kimoja na kukiita jina la kitu kingine? Hapo ndipo inabidi turudi nyuma kidogo kwenye historia.

Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Hakuwa na maabara ya maana wala watu wa kuwapima, hivyo alijipima mwenyewe. Alitengeneza silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, akawa anazisoma na kuzikariri kwa mapigo ya saa, siku baada ya siku. Kati ya mambo aliyoyaona ni kwamba akisoma orodha mara moja tu, angeweza kushika silabi kama saba. Zaidi ya hapo ilibidi arudie. Alifanya kazi hiyo akiwa na umri wa karibu miaka thelathini, na mtu aliyempima ni mmoja tu: yeye.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1887, Joseph Jacobs, mzaliwa wa Sydney aliyeishi London, aliupeleka mchezo kwa watu wengine. Aliwapima wasichana wa North London Collegiate School kwa kuwasomea tarakimu na kuwataka wazirudie. Akaona mambo mawili. Kwanza, kadiri msichana anavyokuwa mkubwa ndivyo anavyoshika tarakimu nyingi zaidi. Pili, wale waliokuwa juu darasani walishika nyingi kuliko wale wa chini. Mwaka huo huo Francis Galton aliongeza taarifa ya watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakitunzwa kwenye vituo, akasema wengi wao hawavuki tarakimu tatu au nne.

Kuanzia hapo mchezo ukawa mtihani. Na mtihani ukishazaliwa, wadau, huwa haukosi mtu wa kuutumia kuwapanga watu mistari.

Kuna jambo kuhusu Jacobs ambalo vitabu vya saikolojia hulipita haraka. Baadaye alijulikana zaidi kama mkusanyaji wa hadithi za watu. Mwaka 1890 alitoa kitabu chake cha hadithi za Kiingereza, zile ambazo watu walikuwa wakisimuliana kizazi hadi kizazi. Yaani mtu aliyetuachia kipimo cha kumbukumbu ya sekunde chache ndiye huyo huyo aliyejua thamani ya kumbukumbu ya miaka mingi. Laiti wote waliomfuata wangezikumbuka kazi zake zote mbili.

Waliofuata ni Wafaransa. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Mwaka 1908 wakakipanga kwa umri. Mtoto wa miaka mitatu alitakiwa kurudia tarakimu mbili, wa minne tarakimu tatu. Tarakimu saba waliziweka kwenye umri wa miaka 12, halafu mwaka 1911 wakazisogeza hadi miaka 15. Angalieni hilo: kipimo kile kile, mji ule ule, na ndani ya miaka mitatu mstari wa "umri wa kawaida" umehama. Binet mwenyewe alikuwa mwangalifu. Wengi waliokichukua kipimo chake na kuvuka nacho bahari hawakuwa.

Namba saba ikapata umaarufu wa kudumu mwaka 1956, pale Mmarekani George Miller alipoandika makala akisema akili ya mtu mzima hushika vitu saba hivi, ikizidi au kupungua viwili. Ila Miller alisisitiza jambo ambalo wengi hulisahau: tunashika mafungu, hatushiki tarakimu moja moja. Ndiyo maana namba ya simu hatuisomi kama tarakimu kumi zilizotawanyika. Tunaikata vipande vitatu, inaingia. Mwaka 2001 Nelson Cowan alionyesha kwamba ukimzuia mtu asikate mafungu wala asirudierudie kimoyomoyo, uwezo wenyewe unashuka hadi vitu vinne hivi. Vinne tu, na hapo ni kijana mwenye afya.

Sasa kwa nini mtoto anaanza na viwili na kupanda? Jibu la haraka ni kwamba kichwa chake kinapanuka kama ndoo. Watafiti hawakuridhika na ndoo. Mwaka 1982 Robbie Case na wenzake walifanya jambo la kijanja. Waliwachukua watu wazima na kuwataka wahesabu kwa maneno ya kubuni badala ya namba walizozizoea. Watu wazima wakawa wazito kuhesabu kama watoto wa miaka sita. Na kumbukumbu yao? Ikashuka ikawa sawa na ya watoto wa miaka sita. Ndoo ilikuwa ile ile, ila kila jambo lilikuwa linachukua muda mrefu zaidi kichwani, na vilivyotangulia vikawa vinafifia.

Kabla ya hapo, mwaka 1978, Michelene Chi aliwapima watoto waliokuwa hodari wa mchezo wa sataranji pamoja na watu wazima ambao hawakuwa hodari. Kwenye tarakimu watu wazima walishinda. Lakini alipowaonyesha ubao wenye kete kwa sekunde chache, watoto ndio waliokumbuka kete nyingi zaidi. Kwa hiyo umri peke yake hautoshi kueleza. Unachokijua tayari kinasaidia kubeba kinachoingia. Ukitaka kuamini nenda Tunduma, pale mpakani na Nakonde, uwatazame vijana wanaobadilisha shilingi na kwacha. Viwango vya asubuhi, viwango vya mchana, anayedaiwa na anayedai, vyote viko kichwani. Kijana huyo huyo mpe orodha ya maneno ya kigeni uone.

Lugha nayo imo. Mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba tunashika kiasi ambacho tunaweza kukitamka kwa sekunde mbili hivi. Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly wakaonyesha kwamba namba za Kiwelisi huchukua muda mrefu kutamka kuliko za Kiingereza, na kwamba hilo lilichangia watoto wa Wales kuonekana na kumbukumbu fupi. Sasa tuhesabu sisi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Kila moja ina silabi mbili. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni saba peke yake yenye silabi mbili. Mtoto wa Ikinga aliyeanza maisha na Kindali, akapimwa kwa Kiswahili, kisha akalinganishwa na jedwali la Mwingereza, ameanza mbio akiwa nyuma hatua kadhaa.

Tuje sasa kwa wazee. Mwaka 1939 David Wechsler wa hospitali ya Bellevue, New York, alitoa kipimo cha akili kwa watu wazima, na mchezo wa tarakimu ulikuwamo, kwa kwenda mbele na kwa kurudi nyuma. Alipoyapanga matokeo kwa umri, mstari ulipanda hadi ujanani kisha ukaanza kushuka. Picha hiyo ikaingia vitabuni na vichwani mwa watu: ukishavuka ujana, unateremka.

Lakini kulikuwa na tatizo, nalo si dogo. Wazee waliopimwa siku hiyo hawakuwa vijana wale wale waliozeeka. Walikuwa kizazi kingine, kilichosoma miaka michache zaidi. Mwaka 1956 K. Warner Schaie alianza utafiti wake mjini Seattle, akawa anawarudia watu wale wale kila baada ya miaka saba. Alipowafuata kwa namna hiyo, mteremko mwingi ulianza kwa kuchelewa na ukawa mpole kuliko ulivyoonekana mwanzo. Sehemu ya kile kilichoitwa uzee kwa miaka mingi ilikuwa ni tofauti ya vizazi.

Sisemi kwamba umri haufanyi kitu. Unafanya. Mwaka 2015 Joshua Hartshorne na Laura Germine walichapisha matokeo ya maelfu ya watu waliopimwa kwa njia ya intaneti. Kumbukumbu ya muda mfupi ilifika kileleni karibu na miaka 25, ikatulia hadi 35 hivi, kisha ikaanza kushuka. Ujuzi wa maneno uliendelea kupanda hadi uzeeni. Na mwaka 2005 Kara Bopp na Paul Verhaeghen walipokusanya tafiti nyingi pamoja, waliona kwamba kurudia tarakimu kama zilivyosomwa hupungua kidogo tu kwa wazee. Kinachopungua zaidi ni kushika jambo huku ukilifanyia kazi: kurudia kinyumenyume, kujumlisha huku unasikiliza, kukumbuka namba ya siri wakati wakala anakusemesha na mtoto analia mgongoni mwa mtu nyuma yako.

Kwa maneno mengine, meza ya mzee inapungua kidogo. Kinachomshinda zaidi ni fujo iliyowekwa juu ya meza.

Na shule je? Hapa naomba tuende Ureno ya kusini. Kulikuwa na desturi ya kumbakiza nyumbani binti mkubwa awalee wadogo zake, wakati wadogo wakienda shule. Alexandre Castro-Caldas na Alexandra Reis waliwatafuta akina mama wa namna hiyo wakiwa watu wazima, na mwaka 1998 wakachapisha matokeo. Waliotoka mazingira yale yale, mmoja kasoma na mwingine hakusoma, walirudia maneno halisi karibu sawasawa. Walipopewa maneno ya kubuni, ambaye hakusoma alipata taabu zaidi, na hata picha za ubongo wakati wa kazi hiyo zilionyesha tofauti. Kusoma na kuandika kunamfundisha mtu kushika sauti tupu isiyo na maana. Na tarakimu zisizo na mpangilio ni nini, kama si sauti tupu? Binti mkubwa anayebaki nyumbani kulea wadogo: kuna msomaji wa Ileje ambaye hamfahamu mtu huyo?

Majirani zetu wa Kenya wana ushahidi wao. Kule Embu, watoto wa vijijini walipimwa mwaka 1984, na wengine wa umri huo huo wakapimwa mwaka 1998. Kulikuwa na mafumbo ya picha, maana za maneno, na mchezo wetu wa tarakimu. Tamara Daley na wenzake walichapisha mwaka 2003: kizazi cha pili kilikuwa juu, hasa kwenye mafumbo ya picha. Kwa sababu, waliangalia wazazi waliojua kusoma, ukubwa wa familia, na lishe na afya ya watoto. Ni miaka 14 tu. Damu ya watu wa Embu haikubadilika kwa miaka 14. Kilichobadilika ni maisha.

Sasa rudini kwenye kalenda yetu. Azimio la Musoma lilipitishwa mwaka 1974, na Elimu ya Msingi kwa Wote ikaanza mwaka 1977. Bibi aliyezaliwa mwaka 1945 pale Ikinga alikuwa na miaka 32 mlango huo ulipofunguliwa. Tayari alikuwa na watoto. Huenda alipita kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, maana Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo. Lakini miaka saba ya kukaa dawatini na kuimba jedwali la kuzidisha hakuipata. Ukimsimamisha leo pembeni ya mjukuu wake wa kidato cha nne na kuwasomea namba saba, umepima nini? Umri? Au 1977?

Swali hilo limeshughulikiwa vizuri hapa hapa Tanzania, wilayani Hai, Kilimanjaro. Watafiti wa hapa nchini na wa Uingereza, akiwemo daktari Richard Walker, walipita kwenye vijiji sita na kuwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na uwezo wa kujimudu, walikuwa asilimia 6.4. Mwaka 2014 timu hiyo ikatoa kipimo kifupi kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma. Hakuna kuandika wala kuchora. Mzee anaulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, leo ni siku gani. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anajifunza maneno kumi na kuyakumbuka baadaye. Anapanga vijiti vya kiberiti kufuata mfano. Kalamu wameiweka pembeni makusudi, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kushika kalamu akishindwa kuchora, hujajua lolote kuhusu ubongo wake.

Asilimia 6.4, wadau. Maana yake kati ya wazee mia moja, tisini na tatu au tisini na nne hawana ugonjwa huo. Lakini sita au saba wanao, na hao nao wanaumia kwa namna nyingine. Wanaambiwa ni uzee tu, basi hakuna anayewapeleka hospitali. Au wanaambiwa wamerogwa. Au vibaya zaidi, wao ndio wanaoitwa wachawi, na sote tunajua nchi hii imewafanya nini vikongwe kwa neno hilo.

Kwa hiyo tumechanganya mambo matatu kwenye gunia moja: uzee wa kawaida, kukosa shule, na ugonjwa. La kwanza linahitaji subira. La pili si kosa la mzee hata kidogo. Ni historia ya nchi. La tatu linahitaji daktari. Tukiyaita yote "kichwa kimeisha", tunamdharau mzima na kumtelekeza mgonjwa kwa sentensi moja.

Tofauti zinaonekana kama ukiangalia. Mzee anayesahau namba ya siri, halafu anaikumbuka akikaa kimya kidogo, ni mzee. Mzee anayepotea njia ya kisimani aliyopita miaka hamsini, au anayeshindwa kupika chakula alichokipika maisha yake yote, apelekwe hospitali, na asipelekwe kwa mganga kwanza.

Na ninyi vijana wenzangu mnaokaa madirishani na vibandani, mlio kwenye kile kilele cha miaka 25 tunachokaa wote kwa muda mfupi tu: namba mtajie bibi tatu tatu, msizimwage kumi kwa pumzi moja. Zimeni redio. Foleni isogee nyuma ili asilazimike kutaja siri yake hadharani. Mwacheni amalize. Ni dakika moja mnayompa, na hela anayoichukua ni ya dawa au ya mbolea.

Maoni ruksa, hasa kutoka kwa watu wa Ileje na Tunduma. Na kama nyumbani kuna mzee mwenye dalili hizo nilizozitaja, mpelekeni wiki hii. Siku njema.